Fidla la Magotini

Kheiria alijua kuna jambo tangu pale Maan alipoanza kukaza nyuzi za luti yake kwa mara ya tatu, ilhali nyuzi zenyewe hazikuwa na kasoro yoyote.

Ilikuwa Jumatano alasiri, nyumbani kwa Nicholas, Madinat Sultan Qaboos. Nicholas alikuwa Mkenya wa Kisumu, mwalimu wa muziki katika shule moja ya kimataifa, mwenye mwili wa mbeba mizigo na sauti laini ya kukufanya umsamehe mtu aliyekukosea. Kila Jumatano watatu hao waliketi kwenye meza yake ya chakula kufanya mazoezi, na mkewe Atieno akawa jikoni, mlango wazi, asije akatokea wa kusema kwamba binti ya Mzee Thabit anajifungia ndani na wanaume. Muscat ni mji mkubwa ukiutazama kwa gari. Ukiutazama kwa midomo ya watu ni kijiji.

Walichokuwa wakipiga ni nyimbo za mapenzi za Waingereza wa miaka mia nne iliyopita. Ndiyo, wapo waliowacheka. Mwarabu wa Unguja na Mjaluo wa Kisumu kuomboleza mapenzi ya Waingereza waliokwisha kuoza kaburini, nani asingecheka? Lakini Kheiria aliupenda muziki ule tangu alipokuwa akisoma York, Uingereza. Kwanza alizipenda zile nyimbo kongwe zaidi, za miaka mia saba, za enzi ambazo Kiingereza bado kilikuwa na kh na gh za kooni. Wenzake Waingereza walizitamka kama waliokwamwa na mwiba wa samaki. Yeye hazikumpa taabu, kwani moja ilikuwa ndani ya jina lake. Kisha akaipenda vayoli, yenye nyuzi sita za utumbo wa kondoo, ambayo mpigaji huishika baina ya magoti na kuipitishia upinde kwa kiganja kilichotazama juu. Mama yake hakulijua jina hilo la vayoli wala hakujishughulisha kulijua. Yeye aliiita fidla la magotini.

Na Maan je? Maan alikuwa mhandisi wa maji na mpiga udi, mpaka siku Kheiria alipomwonyesha luti.

"Huu ni udi uliohamia Ulaya ukasahau kwao," Kheiria alimwambia siku hiyo.

"Basi kama sisi, ila sisi tulihamia upande mwingine," Maan alijibu, na kwa jibu hilo moyo wa Kheiria ulikwenda moja kwa moja. Miaka mitatu sasa ulikuwa haujarudi.

Basi siku hiyo waliketi kama kawaida yao. Kurasa za vitabu vile vya nyimbo vya zamani zilichapwa kwa namna ya ajabu: kitabu kilazwe katikati ya meza, na kila mtu aone sehemu yake imesimama wima mbele yake, na sehemu za wenzake zimempa ubavu au zimepinduka. Hivyo Kheiria na Maan walikaa wakitazamana, Nicholas, mwimbaji wao, kati yao. Katika Jumatano zote zilizopita, kila wimbo ulipofika ubeti wa mwisho, Maan aliinua macho. Alikuwa akiinua macho hata pale alipojua atakosea. Leo ubeti wa mwisho ulifika ukapita, na macho yake yakabaki kwenye karatasi.

"Safi sana," Nicholas alisema akifuta jasho. "Lakini Kheiria, nitakumiss kweli. Yule mama mpiga selo niliyempata ako sawa, lakini si kama wewe."

"Mama gani wa selo?"

"Yule atakayeshika nafasi yako kwa tamasha la Bustan." Nicholas aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, tabasamu likimwisha usoni kidogo kidogo. "Si Maan aliniambia unaacha kupiga baada ya ndoa? Aki, mimi nilidhani mmeongea."

Kheiria aliulaza upinde mezani taratibu sana. Vayoli aliiacha ndani, kwa kuwa nyuzi za utumbo zikitolewa kwenye kiyoyozi kuingizwa kwenye joto la Muscat huharibika sauti. Kisha akatoka uani, akasimama chini ya kibanda cha gari, akangoja. Alijua Maan atamfuata.

"Nani alikwambia mimi nnaacha?" alimuuliza hata kabla hajafika.

"Kheiria, nsikilize kwanza."

"Nnakusikiliza. Nani kakwambia?"

Maan alitazama mlango wa jikoni. Atieno alikuwa pale akipanga vikombe, na kwa heshima alijifanya haoni.

"Siku ile tulipokuja kwenu kuposa," Maan alianza. "Kabla ya kusomwa Fatiha, ammi, mdogo wake baba, alisema mbele ya wanaume wote, 'Binti mashallah hana dosari, ila lile fidla la magotini ataliacha.' Mama ndiye aliyemtuma. Aliiona ile video."

Kheiria aliijua video. Aliyeirekodi alikuwa mgeni tu, katika mkusanyiko wa bustanini msimu wa baridi uliopita. Yeye Kheiria kavaa abaya yake nyeusi, buibui tupu hakuna kinachoonekana, kafumba macho anapiga. Ikapita simu hadi simu mpaka ikafika kwenye kundi la wanawake wa ukoo wa kina Maan, na huko haikuonekana sauti, yalionekana magoti.

"Na wewe ukasema nini?"

Maan alitazama tena mlango wa jikoni.

"Maan, mimi nnakuuliza. Ammi yako kasema niache. Wewe ukasemaje?"

"Nlisema hilo khalas, limekwisha."

"Khalas?"

"Walikuwa wanaume kumi na nne wamekaa majlis, Kheiria! Baba yako yumo, babu yangu yumo. Ulitaka niseme nini?"

"Ungesema, 'Nitamuuliza.' Neno moja tu."

"Wangeniona..."

"Wangekuona nini? Malizia."

"Wangeniona nnaendeshwa na mwanamke hata sijamuoa." Alipoyasema hayo uso ulimsawijika, kwa sababu hakuwa mwanamume wa maneno hayo na wote wawili walijua. Akashusha sauti. "Mimi nliona ni maneno ya majlis tu. Nlisema moyoni, tukishakuwa kwetu utapiga upendavyo. Tukifunga mlango nani atajua?"

"Yaani nipige kwangu kama mwizi."

"Nlikuwa nnakutafuta wewe! Miezi saba nnambembeleza mama. Miezi saba, kila Ijumaa, nnakaa miguuni pake nnampigia hadithi zako. Siku ile nliiona Fatiha iko mdomoni mwa watu inataka kusomwa, nikahofu nikisema neno isisomwe tena. Nlihofu kukukosa, Kheiria. Hilo ndilo kosa langu, mengine sina."

Macho yalikuwa yamemjaa maji. Lo, na Kheiria naye, ambaye dakika moja tu nyuma alikuwa tayari kumrushia kiatu, alijikuta anatamani kuyapangusa. Mapenzi yana ujinga huo. Alimtazama yule kijana mrefu, kanzu imelowa jasho mgongoni, vidole vyake vyembamba vikichezea kishada cha kanzu shingoni, akakumbuka jinsi alivyokesha wiki nzima kujifunza kuacha risha ya kupigia udi na kupiga luti kwa ncha za vidole, kwa ajili yake tu, mpaka vikaota malengelenge.

"Ijumaa ni keshokutwa," alisema. "Akad ya ndoa ni keshokutwa, Maan."

"Najua."

"Nenda kazungumze na mama yako. Mwambie ukweli, kwamba mimi sikuulizwa. Akikataa, tutajua tumesimama wapi."

"Leo. Leo hii, kabla ya Isha. Wallahi, Kheiria."

"Usiape."

"Nshaapa."

Kheiria alimwamini. Msomaji asimlaumu, macho yale ungeyaona wewe ungeamini pia.

Alhamisi asubuhi alimtumia ujumbe: Umeshazungumza? Jibu likaja baada ya adhuhuri: Mambo sawa habibti, usijali. Aliusoma mara sita. Mara ya kwanza ulimfurahisha, mara ya sita ukamkosesha raha, maana haukusema ndiyo wala la. Alitaka kupiga simu. Lakini nyumba ilikuwa imejaa shangazi, mapishi na mafundi wa kupamba, na kila alipoishika simu mtu alimpa kitambaa achague.

Ijumaa baada ya Alasiri magari yalianza kupanga foleni mbele ya nyumba ya Mzee Thabit, Bawshar. Wanaume waliingia majlis kwa mlango wao wa nje. Wanawake waliingia ndani, kwenye sebule kubwa iliyofukizwa bakhuri, iliyopangwa sahani za halwa na madele ya kahawa. Kheiria alikaa mbele kabisa, kavaa nguo ya kijani yenye nyuzi za dhahabu, kapakwa hina, moyo ukimwenda mbio.

Bi Balqees, mama yake Maan, aliingia akiwa na wanawake wanane nyuma yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mweupe, mwenye mikono ya joto. Alimbusu Kheiria paji la uso, akakaa karibu yake, akamshika kiganja na kukificha baina ya viganja vyake viwili.

"Nnakushukuru, mwanangu," alimnong'oneza. "Umenitia furaha ambayo sikuitarajia."

"Furaha gani, mama?"

"Kuhusu lile fidla. Unajua mimi sipendi mtu alazimishwe. Mimi mwenyewe nlilazimishwa mengi. Juzi jioni nkamuuliza Maan tena, nkamwambia, 'Hebu nambie kweli, yule mtoto karidhia au mumemtia kabari?' Akanambia, 'Mama, Kheiria mwenyewe ndiye aliyesema ataliacha. Kasema hana haja nalo tena.' Wallahi nlilia."

Sebule nzima ilikuwa ikicheka na kupiga vigelegele, na Kheiria aliona midomo tu inafunguka na kufumba. Kwa hiyo Maan kweli alizungumza na mama yake. Alikwenda kama alivyoapa, akakaa mbele ya mama yake, akaulizwa swali lililo wazi kuliko yote, swali ambalo lingemwokoa, akaulizwa kwa huruma. Na akatia maneno kinywani mwa Kheiria. Mara ya kwanza walikuwa wanaume kumi na nne. Safari hii alikuwa mama yake peke yake.

"Umefanya nini, mbona mikono baridi?" Bi Balqees aliuliza.

"Si kitu, mama."

Wakati huohuo vishindo vya viatu vilisikika ukumbini. Wanawake walivuta mitandio yao. Nyuma ya pazia la mlangoni alisimama Mzee Thabit, baba yake, akifuatana na maadhuni aliyekuja kufunga akad na mashahidi wawili. Mama yake Kheiria alimwinamia sikioni haraka haraka.

"Atakuuliza kama umeridhia. Wewe usiseme kitu, ni aibu. Nyamaza tu. Kimya cha bikira ndiyo idhini yake."

"Kheiria binti Thabit," maadhuni aliita nyuma ya pazia, sauti yake ya upole, ya mtu aliyekwisha kuyasema hayo mara elfu. "Maan bin Majid anakutaka kwa sunna ya Mtume, na mahari mumeshakubaliana. Umemridhia, na umemwakilisha baba yako akuozeshe?"

Sebule ilitulia. Shangazi mmoja alikuwa tayari kafungua mdomo kwa kigelegele, ulimi kaushika njiani. Kheiria aliangalia chini. Katika muziki wao kimya nacho huandikwa. Kina urefu wake, na mpigaji anahesabu, anajua lini kitakwisha aingie tena. Hiki alichoambiwa akishike leo kingekwisha lini? Watu wote wale walikuwa wakimngoja asiseme neno, wamchukue kwa kutosema kwake, na nje kule kuna mwanamume anayempenda ambaye alikuwa akiutegemea ukimya huohuo tangu siku ya posa.

"Nna sharti," alisema.

Shangazi alifumba mdomo. Nyuma ya pazia mtu alikohoa.

"Sharti gani tena?" Ilikuwa sauti ya baba yake. "Kheiria, watu wamekaa. Si yote mlishakubaliana nyinyi wenyewe?"

"Baba, mimi sikuulizwa."

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu fidla langu. Mulisikia mimi naliacha. Mimi sikusema hilo kwa mtu yeyote, wala sikutuma mtu alisemee."

Kiganja cha Bi Balqees kiliteleza kikaachia. "Kheiria!" alisema kwa mshangao, si kwa hasira. "Kumbe? Mbona yeye kanambia wewe mwenyewe..."

"Najua alivyokwambia, mama. Nsamehe."

"Mzee Thabit," maadhuni aliingilia, "binti ana haki ya kuweka sharti katika akad yake. Mume akilikubali linamfunga. Sema, mwanangu, niandike."

"Andika kwamba sitozuiwa kupiga fidla langu, nyumbani wala hadharani, na stara yangu nnaijua mwenyewe. Na andika kwamba Maan akubali hilo kwa mdomo wake, mbele ya wale wanaume aliowaambia khalas."

"Hilo la pili haliandikiki," alijibu maadhuni, na ilisikika kama anatabasamu, "lakini ndivyo itakavyokuwa, maana hapana pahala pengine pa kumuuliza."

Wakaondoka. Kheiria aliwasikia wakiingia majlis, upande wa pili wa ukuta. Hakuna mwanamke aliyegusa halwa. Mama yake alikuwa kashika kichwa, na Bi Balqees kakaa akiupapasa mkufu wake, akitazama zulia.

Sauti ya maadhuni ilisikika ukutani, maneno hayakushikika. Kisha sauti ya mzee, kali. Kisha sauti nyingi pamoja. Kheiria alikuwa akiisikilizia moja tu. Sema ndiyo, alimwambia moyoni. Sema ndiyo tu, Maan, na mimi nitakusamehe ya nyuma yote, ya Jumatano na ya jana, sitokukumbusha mpaka nife. Alijua angesamehe. Hilo ndilo lililomtisha.

Sauti zikanyamaza zote. Baada ya kitambo mlango ulifunguliwa, akaingia Wael, kaka yake, peke yake, akiwa ameshika karatasi ya akad. Hakuja mbele ya dada yake kama mtu mwenye habari njema. Alichutama kando ya kiti.

"Kasemaje?" Kheiria aliuliza.

"Kaomba muda."

"Muda wa nini?"

"Kasema akad ifungwe leo kama ilivyo, sharti lisiandikwe. Halafu baadaye, mambo yakitulia, atazungumza na wazee wake." Wael aliikunja karatasi. "Babu yake kasimama, Kheiria. Kasema likiandikwa hilo yeye anatoka. Maan kabaki anamtazama babu yake. Alikuwa analia, usidhani hakupendi."

"Sidhani hivyo."

"Basi mpe hizo siku. Watu wangapi wameoana wakayamaliza mbele?"

Kheiria alifumbua mkono wake wa kushoto. Katikati ya hina nyeusi, ncha za vidole vinne zilikuwa ngumu, zimeota sugu za nyuzi. Miaka tisa sugu zile zilikuwa pale.

"Alipoahidi kwa niaba yangu kwamba nitaliacha," alisema polepole, "hakuomba hata dakika moja."

Nyuma ya Wael, pazia lilisogezwa na Mzee Thabit akaingia mwenyewe, kilemba kimemwendea upande, akasimama katikati ya wanawake wale bila kujali. Alikuwa mtu wa heshima zake, na katika majlis yake walikuwa wamekaa nusu ya watu anaowajua duniani.

"Wananingoja," alimwambia binti yake. "Nambie. Mimi sitosema lolote isipokuwa utakalonambia wewe. Safari hii nimekuuliza."

Kheiria alisimama. Alimgeukia kwanza Bi Balqees, akauinamia mkono wake wa joto, akaubusu. Bi Balqees alimshika kichwa akambana kifuani muda mrefu, kama mtu anayemuaga mtoto wake uwanja wa ndege.

"Mimi nnampenda, baba," Kheiria alisema. "Nnakwambia mbele ya mama yake na mbele ya watu wote hawa, wala sioni haya."

"Basi?"

"Basi waambie wamalize kahawa yao, waende."

Mzee Thabit alimtazama. Kisha akaweka kilemba chake sawa, akatoka. Upande wa pili wa ukuta ilisikika sauti yake moja, fupi, halafu viti, halafu vikombe vikirejeshwa kwenye sinia kimoja kimoja, na mlango wa nje. Ndipo Kheiria akakaa sakafuni na nguo yake ya kijani, akalia kwa sauti, na katika sebule nzima ya wanawake hapakuwa na hata mmoja aliyemwambia anyamaze.